Saa ya Mishale na Kiti cha Nne

Munga Bakari hakuwahi kuvaa saa ya mkononi. Waliomjua kwa mbali walishangaa kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa saa ya chama cha chesi cha mtaa wa Bofu, lakini waliofanya naye kazi hawakushangaa. Alikuwa dobi katika hoteli moja upande wa Shelly Beach, na mle ndani ya chumba cha kufulia, kilichojaa mvuke tangu asubuhi, saa haikuwa na kazi. Shuka ikilazwa kwenye mashine ya pasi hutoa harufu yake: kwanza ya maji, kisha ya sabuni, kisha ya pamba kavu. Ikifika hiyo ya tatu ni kuinua papo hapo, la sivyo inafuata ya nne, ambayo hakuna dobi anayependa kuinusa. Kazini Munga aliujua muda kwa pua. Kwenye chesi aliujua kwa sikio.

Saa ya chama ilikuwa kisanduku cha mbao chenye nyuso mbili, kila mchezaji na uso wake, na juu yake vifungo viwili. Ukishasogeza kete unabonyeza kifungo cha upande wako. Saa yako inasimama na ya mwenzako inaanza kwenda. Kila uso ulikuwa na kibendera chekundu. Mshale mrefu ukikikaribia hukiinua taratibu, ukikipita kinaanguka, na aliyeangukiwa ameshindwa hata kama ubaoni jeshi lake ni zima. Uso wa kushoto ulikuwa na mlio mzito, tok, tok. Wa kulia mlio wake ulikuwa mwembamba, kama mtu anayegonga kikombe kwa ukucha. Munga angeweza kufumba macho, akautazama ubao kichwani mwake, na bado akajua ni muda wa nani unaokwenda.

Aliyeileta saa hiyo Bofu alikuwa Nicanor, karani wa bandarini kutoka bara, ambaye Munga alipanga naye nyumba moja enzi za ujana, chumba kwa chumba. Nicanor ndiye aliyemfundisha chesi. Munga alikuwa amekulia kwenye bao, na siku za mwanzo aliwaambia watu kwamba chesi ni bao la watu wasiopenda kelele.

Jioni moja katika siku hizo za mwanzo, mchezo umekolea, ikaadhiniwa alasiri. Zamu ilikuwa ya Munga na saa yake inakwenda. Akawa anatazama mlango, anatazama saa, anatazama mlango. Nicanor alinyoosha vidole viwili akavisukuma vile vifungo mpaka vikawa sawasawa, hakuna cha juu wala cha chini, na pande zote mbili zikanyamaza.

"Nenda kaswali," alisema. "Hii imelala. Haiamki mpaka urudi."

Hapo ndipo desturi ilipoanzia. Walipoongezeka na kuwa chama, desturi ikaongezeka nao, ikaitwa kusawazisha. Adhana ikilia, au simu ya nyumbani ikija, au Philister, mwalimu wa chekechea aliyewaazima darasa lake kila Jumapili, akikumbuka kwamba ameacha maharagwe jikoni, basi vidole viwili juu ya vifungo na mtu huyo anakwenda zake. Haombi ruhusa, haagi. Akirudi anakuta kete pale pale. Katika miaka yote hiyo hapakutokea mtu aliyemsogezea mwenzake hata askari mmoja, kete ndogo kuliko zote. Nicanor alipostaafu akarudi kwao, saa ilibaki kwa Munga, na wasia wake ulikuwa mfupi: itiwe ufunguo kila Jumapili, isikazwe sana.

Mchezaji hodari Munga hakuwa, na hakujidai. Alikuwa mtu wa sare, hashindi wala hashindwi. Chama kilikuwa na viti vinne vya mashindano, na yeye alikuwa kiti cha nne tangu viti vianze kuhesabiwa. Hakupanda cha tatu, hakushuka akawa wa akiba. Philister, aliyekuwa kiti cha kwanza, alikuwa akisema kumfunga Munga ni kama kukamata sabuni ndani ya beseni. Unaigusa, unaiona, lakini huinui kitu. Munga alikipenda kiti kile kwa sababu ambayo hakupata kumwambia mtu isipokuwa mkewe, Mwanarehema. Hotelini hakuna anayemngoja dobi afikiri. Huletewa, hufua, hupiga pasi, huchukuliwa. Kiti cha nne kilikuwa mahali pekee ambapo watu wazima walinyamaza, wakakaa na subira, wakisubiri Munga Bakari amalize kuwaza.

Kisha mwaka mmoja ligi ya kaunti ilitangaza kwamba saa za mishale hazitatumika tena, ni za tarakimu tu. Katibu wa chama alikuwa Zuleikha, bintiye Munga, karani katika ofisi ya kutoa mizigo kule Changamwe, na ndiye aliyefanya mipango saa nne mpya zikapatikana. Zilikuwa nyepesi, za plastiki, zenye kioo kinachoonyesha tarakimu, na juu yake kibao kirefu kinachobonyea huku na kuinuka kule kama pembea. Hazikuwa na mlio wowote. Siku zilipotolewa kwenye maboksi, Munga aliinamisha sikio kwenye mojawapo kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Mbona haipumui?" aliuliza.

"Hiyo ni bubu, mzee," Philister akamjibu. "Bubu, lakini haisahau."

Zuleikha alimfundisha babake kwa utaratibu, jioni baada ya jioni, kwenye meza ya chakula. Alimweleza kwamba saa hizi zina nyongeza: kila ukicheza hatua moja zinakuongezea nusu dakika. Akamweleza pia jambo la pili, akalirudia. Saa hizi hazisawazishwi. Kile kibao hakikai katikati. Lazima kilale upande mmoja, na upande ulioinuka ndio unaokwenda. Kuna kitufe cha kuisimamisha, lakini kwa sheria za ligi kitufe hicho anakigusa msimamizi peke yake. Anayetaka kutoka huinua mkono, humwita msimamizi. Munga akasema amefahamu, na kweli alifahamu. Akawa anafanya mazoezi peke yake, bila ubao wala kete, anabonyeza upande huu na upande ule, mpaka Mwanarehema akamuuliza, "Bwanangu, huyo unayecheza naye amejificha wapi?"

Sasa hapo ndipo Lenox alipokitaka kiti cha nne.

Lenox alikuwa mtu wa Kakamega, wa miaka kama thelathini, karani wa yadi ya malori Changamwe, aliyejiunga na chama mwaka uliotangulia. Chesi alikuwa amejifunza kwenye simu. Alicheza haraka, aliheshimu watu, na kwake saa ya mishale ilikuwa pambo la kabatini. Hakukitaka kiti kwa fitina. Utaratibu wa chama ulimruhusu mtu wa akiba kumwita mwenye kiti wacheze mchezo mmoja mbele ya watu: akishinda anakichukua, wakitoka sare kinabaki kwa mwenyewe. Alimwendea Munga mwenyewe, akamwamkia, akamwambia ana kwa ana. Munga akamwambia karibu. Walikubaliana wacheze Jumapili ya mwisho kabla ya ligi, kwa saa mpya kama ligi inavyotaka, na Zuleikha awe msimamizi. Wengine waliguna kwamba binti atamsimamiaje babake. Lenox ndiye aliyesema yeye hana wasiwasi na Dada Zuleikha.

Jumapili hiyo madawati ya watoto yalisukumwa ukutani, wakabakishwa wachezaji wawili katikati ya darasa, magoti yakiwa juu kwa sababu viti vya chekechea ni vifupi. Kabla ya kuanza Zuleikha alisema mbele ya wote kwamba anayetaka kutoka kwa haja yoyote amwite yeye. Alimtazama Lenox, akamtazama babake. Wote wawili wakaitikia kwa kichwa.

Mchezo ulianza vizuri kwa Munga. Alikuwa hana haraka, alijenga ukuta wake wa askari kama alivyozoea, na Lenox akawa anauzunguka akitafuta ufa. Mara mbili Munga alisahau kubonyeza saa baada ya kucheza, maana sikio lake lilikuwa likisubiri mlio ugeuke na mlio haukuwapo. Lakini alikumbuka kabla hajapoteza muda mwingi. Kufikia katikati ya mchezo walikuwa sawa ubaoni, naye alikuwa na muda wa kutosha.

Ikaadhiniwa alasiri. Msikiti uko ng'ambo ya barabara, sauti iliingia darasani kama mtu aliyepiga hodi. Zamu ilikuwa ya Munga. Alimaliza kulitazama wazo alilokuwa nalo, akaliweka kando, na mkono wake ukatoka wenyewe. Vidole viwili vikakisukuma kile kibao mpaka katikati. Munga akatega sikio kidogo, kama ilivyokuwa kawaida yake, ahakikishe imelala. Kimya. Kwa saa ya zamani kimya ni usingizi. Akainuka, akavaa kofia yake, akatoka.

Alipogeuza mgongo, kibao kililegea taratibu, kikarudi kulala pale kilipokuwa. Tarakimu za upande wake zikaendelea kushuka.

Yaliyopita darasani alipokuwa akiswali, Munga aliyapata baadaye kwa Philister. Kila mtu aliona. Lenox aliitazama saa, akamtazama Zuleikha, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sijaguza kitu." Kisha akainuka akatoka nje, akasimama kwenye lango la shule, mgongo ameupa darasa. Philister alisogea karibu na Zuleikha, akamnong'oneza kwamba kitufe ni kimoja tu, abonyeze, hakuna atakayeteta. Wengine wawili watatu wakaitikia. Zuleikha akasema mchezaji hajamwita. Aliingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia, akawa anatazama ukuta uliobandikwa picha za wanyama na herufi zao.

Munga alirudi na mikono ya kanzu ingali na maji ya udhu. Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba hakuna aliyemtazama. La pili ni kioo cha saa. Alikuwa ameacha muda wa mtu kula na kunywa chai. Alikuta zimebaki dakika mbili na kitu, na hicho kitu kilikuwa kinakwisha mbele ya macho yake.

"Niliisawazisha," alisema.

"Tulikuona," Philister akasema.

Munga akamgeukia bintiye. Zuleikha alikuwa bado amekalia mikono.

"Hukuniita, Baba."

Alikuwa na maneno ya kusema, na kila neno lingemlia muda. Aliketi. Lenox alikuwa ameshaingia na kuketi pia, uso ameuinamisha. Munga akacheza hatua ya kwanza iliyomjia, akabonyeza, na ilikuwa hatua mbaya. Lenox akamla askari bure. Akacheza ya pili, akaangusha farasi, akamsimamisha. Katika akili yake alikuwa anakiona kibendera chekundu kimeshainuka, kimebakisha kuanguka. Saa aliyoizoea ilikuwa na tabia moja isiyobadilika: ilichukua, na ilichokichukua haikukirudisha. Mwenye dakika mbili kwa saa ile alikuwa maiti anayesubiri sanda.

Baada ya hatua kama tano alitupa jicho kwenye kioo akidhani muda utakuwa umekwisha. Dakika zilikuwa mbili na nusu.

Akaitazama tena. Zuleikha alikuwa amemweleza habari ya nyongeza jioni zote zile za mazoezi, naye aliitikia kila mara, lakini alikuwa ameihifadhi kama mtu anavyohifadhi habari ya mvua ya nchi nyingine. Sasa aliiona ikinyesha juu yake. Nusu dakika kwa hatua. Akakumbuka kwamba nusu dakika aliifahamu kuliko mtu yeyote mle ndani. Ndio muda wa foronya moja: kuipokea, kuinyoosha, kuilaza, kuisikia harufu, kuikunja. Miaka yote ya kazi yake alikuwa akiishi ndani ya nusu dakika, moja baada ya nyingine, mlima wa foronya umesimama mbele yake na hajawahi kuuangalia wote kwa pamoja, maana dobi anayeutazama mlima hafui.

Mikono ikatulia. Akaacha kuhesabu zilizobaki. Lenox akisogeza kete, Munga anaipokea hatua ile, anainyoosha kichwani aone mikunjo yake, anachagua, anaweka, anabonyeza. Foronya nyingine.

Lenox alikuwa na askari mmoja zaidi, na alijua la kufanya naye. Alibadilishana kete moja moja, farasi kwa farasi, malkia kwa malkia, mpaka zikabaki ngome mbili na yule askari wake anayetaka kufika ng'ambo awe malkia. Watu walisogea. Kwa saa ya mishale mchezo ungekuwa umekwisha kitambo. Lenox angezungusha ngome yake huku na huku mpaka kibendera kianguke. Kwa saa hii hakuweza kungoja, ilimbidi ashinde ubaoni. Akasukuma askari. Munga akaiweka ngome yake nyuma ya askari. Lenox akamleta mfalme amlinde. Munga akamtisha mfalme kwa ngome, kutoka mbali, akamtisha tena, akamtisha tena, kama mtu anayefukuza kuku ukutani kwa ufagio, hampigi, anamkera tu. Jua lilikuwa limehama kutoka dirisha moja hadi la pili. Mwisho Lenox alijaribu kukata njia, akamwacha askari peke yake kwa hatua moja, na Munga akamla. Zikabaki ngome mbili na wafalme wawili, na hakuna wa kumfanya mwenzake kitu.

Lenox alinyoosha mkono. "Sare, mzee."

"Sare," Munga akasema, na ndipo alipohisi kwamba magoti yamekufa ganzi kwa kile kiti kifupi. Ikabidi wamshike kumwinua, na Philister akasema sabuni imerudi kwenye beseni.

Walipokuwa wakipanga madawati, Lenox alimwendea. Alisema alitoka nje kwa sababu angebaki ndani angeitazama saa, na hakutaka kuwa mtu wa kutazama saa ya mwenzake ikifa. Munga alimuuliza, kama angechelewa kurudi na muda ukaisha, ushindi angeupokea? Lenox alifikiri vizuri kabla ya kujibu.

"Ningeupokea," alisema. "Lakini singelala poa."

Munga akacheka, akampa mkono kwa mara ya pili.

Baba na binti walirudi nyumbani kwa miguu, Zuleikha amebeba mfuko wa saa. Munga aliona kwamba mgongo wa mkono wake ulioshika mfuko ulikuwa na mistari miekundu, alama za mbao za kiti.

"Zuleikha."

"Abee, Baba."

"Ungeisimamisha, nani angesema?"

"Hakuna. Wote walitaka niisimamishe." Akauhamisha mfuko mkono wa pili. "Lakini kiti ungekaliaje, Baba? Kila ukikaa ungekumbuka ni mimi niliyekukalisha."

Munga alimpokea mfuko, akaubeba yeye mpaka mlangoni.

Saa ya mishale iko nyumbani kwake, juu ya kabati la vyombo, na hutiwa ufunguo kila Jumapili, haikazwi sana. Lenox aliomba kuijaribu mara moja, wakacheza juu ya mkeka ukumbini, na katikati ya mchezo akaziba masikio, akasema mlio huo unampigia kelele mawazoni hadi hajui amewaza nini. Mwanarehema akamwambia ndivyo anavyoishi yeye miaka yote hii. Walipomaliza, Lenox ndiye aliyenyoosha vidole viwili akavisawazisha vifungo, kisha akakaa kidogo akausikiliza ule ukimya.

Na ligi ilipoanza, mechi ya kwanza Bofu walicheza na Mtopanga, kwenye ukumbi uliojaa saa za tarakimu mezani, hakuna hata moja iliyosikika. Munga alikuwa kiti cha nne. Ilipoadhiniwa, zamu ikiwa yake, mkono ulitoka kama ulivyozoea kutoka, vidole viwili mbele. Ulifika nusu ya njia, juu ya askari wake mwenyewe, ukasimama hapo. Mpinzani wake, bwana mmoja wa Mtopanga aliyekuwa hamjui, akadhani anataka kucheza, akainama kutazama. Munga akauinua ule mkono taratibu mpaka juu ya kichwa, akaushikilia hapo, akamngoja msimamizi aje.